Jumapili raba zinabaki kwenye msumari

Pakiti ya pedi niliyomnunulia binti yangu mwezi Januari niliikuta Aprili haijafunguliwa. Nilikuwa natoa nguo kabatini nizianike, maana masika ya hapa Arusha yakikolea kila kitu kinanuka ukungu, nikaiona chini kabisa, imelaliwa na sweta, plastiki yake ingali imebana kama ilivyotoka dukani. Nilikaa kitandani kwake nimeishika. Nikahesabu miezi kwa vidole. Nikarudia kuhesabu.

Ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza. Anakimbia mita 1500 na mita 3000, na kwa muda mrefu sasa Jumamosi zangu nimezimalizia pembeni ya uwanja nikimshikia sweta.

Jioni tukiwa tunachambua mchicha nikamuuliza. Hakushtuka hata kidogo. "Mama, mbona hata wenzangu hawaoni? Wanasema mwili ukishaingia kwenye mazoezi ndivyo unavyokuwa." Alilisema kwa fahari kidogo, kama mtu aliyepanda darasa. Kisha akainuka kwenda kuchukua sufuria, ndipo nikaona anavyokanyaga. Mguu wa kushoto ulikuwa unagusa chini upesi na kuondoka upesi, kama sakafu ina moto.

Nikamwambia akae. Nikauweka mguu wake mapajani mwangu, nikapitisha kidole gumba kwenye ugoko, kuanzia chini ya goti nikishuka polepole. Hapa? Hapana. Hapa? Hapana. Nilipofika karibu na kifundo, upande wa ndani, akaukamata mkono wangu kwa nguvu zote. Mahali penyewe pangefunikwa na sarafu moja ya shilingi mia. Juu yake hapaumi, chini yake hapaumi.

Maumivu ya aina hiyo nayajua. Yalinipata mimi mwaka 1994.

Nilizaliwa Mbulu, na kwetu mtoto akionekana ana mbio, watu wazima wanaanza kumtajia majina. John Stephen Akhwari ni wa kwetu, yule aliyemaliza marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968 akiwa amefungwa bandeji gotini, wenzake wameshamaliza zamani na giza limeingia. Filbert Bayi ni wa Karatu, jirani zetu, naye mwaka 1974 kule Christchurch alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Tulilelewa na majina hayo. Kwa Akhwari tulifundishwa kwamba mkimbiaji haachi njiani. Ni funzo zuri na ninamheshimu mzee yule kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka 30, na ile ilikuwa siku ya Olimpiki. Sisi tulilichukua funzo lake tukawavika watoto wa miaka 13, siku ya Jumanne ya kawaida, kwenye mazoezi ya kawaida.

Mimi niliumwa ugoko wiki sita. Nilikandwa kwa maji ya moto, nikachuliwa kwa dawa ya kuchua hadi ngozi ikawa nyekundu, nikaambiwa nisideke. Siku ya mashindano, mzunguko wa tatu wa mita 3000, nilisikia mguuni "ta!", kama mtu amevunja ukuni mkavu jikoni. Nilikuwa na miaka 16. Sikushindana tena.

Na bado miaka 31 baadaye nilisimama pembeni ya uwanja, sweta mkononi, nikashangilia, na yaleyale yakamfika mwanangu mbele ya macho yangu. Nimeandika kwa sababu hiyo. Najua kuna mzazi mwingine Jumamosi ijayo atakuwa amesimama palepale niliposimama mimi.

Usiku ule nilichukua daftari nikaiandika wiki ya binti yangu yote, siku kwa siku. Hakuna mtu aliyewahi kuiona kwenye ukurasa mmoja. Mwalimu wa michezo shuleni alijua ya kwake, kocha wa klabu alijua ya kwake, mimi nilijua ya nyumbani.

Anaamka saa kumi na nusu alfajiri ili awahi daladala. Shuleni kuna mchakamchaka kabla ya kuingia darasani. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni ana mazoezi ya timu ya shule. Jumanne na Alhamisi ni klabu, na huko ndiko kwenye kazi kubwa: mita 400 mara kumi, za kasi, na dakika moja tu ya kuvuta pumzi kila baada ya raundi. Jumamosi ni mbio ndefu za vilima upande wa Ngaramtoni. Jumapili, karibu kila wiki, ni marathoni ya mahali fulani, maana siku hizi kila taasisi ina marathoni yake, na kwenye kilomita 5 na kilomita 10 watoto wetu ndio wanaoongoza na kupewa bahasha. Niseme ukweli kuhusu hizo bahasha. Moja ilinunua gunia la mahindi. Ugali wake nimeula.

Nilipomaliza kuandika nikatafuta siku ambazo hakukimbia kabisa tangu shule zifunguliwe Januari. Nilipata nne. Mbili kati ya hizo alikuwa na malaria.

Kisha nikahesabu usingizi. Anafika nyumbani saa moja na nusu jioni, anasaidia jikoni, anakula, anafanya kazi za shule, analala saa nne na nusu. Kutoka saa nne na nusu hadi saa kumi na nusu ni saa sita. Asubuhi anaondoka na chai ya rangi na andazi moja, na chakula cha maana anakigusa saa nane mchana.

Daktari alipiga picha ya eksirei na haikuonyesha kitu. Namshukuru daktari yule, kwa sababu hakutuambia turudi uwanjani. Alisema ufa wa namna hii, unaotokana na mfupa kugongwa kidogo kidogo kila siku, mara nyingi hauonekani kwenye picha wiki za mwanzo, na kwamba kidole changu gumba kilikuwa kimesema zaidi ya mashine. Alimwambia asimame kwa mguu mmoja aruke mara moja. Aliruka nusu, machozi yakamtoka. Akampa magongo ya wiki mbili na kutuambia turudi baada ya wiki tatu. Tuliporudi, picha ya pili ilionyesha kijimstari na juu yake kivimbe cha mfupa mpya unaojaribu kuziba.

Alivyotueleza, nami nilimwelewa kwa sababu nimewahi kusimamia fundi nyumbani, ni hivi. Mfupa unaofanyishwa kazi kubwa unajikarabati, lakini hauanzi kwa kujenga. Unaanza kwa kubomoa pale palipochoka, kama fundi anavyotoa tofali bovu kabla ya kuweka jipya. Kubomoa kunachukua wiki chache, kujenga kunachukua miezi. Katikati hapo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza mazoezi. Misuli na mapafu vinazoea haraka, kwa hiyo mtoto anajisikia ana nguvu, muda wake wa mbio unapungua, kocha anafurahi, na wakati huohuo ndani ya ugoko ukuta uko wazi. Akipumzika, fundi anamaliza kazi. Asipopumzika, kila siku linatoka tofali jingine.

Mtoto ana shida nyingine ya kwake juu ya hiyo. Anarefuka. Wasichana wengi wanarefuka kwa kasi kubwa kwenye miaka 12 hivi, wavulana kwenye 14, na mfupa unatangulia urefu kabla haujapata ugumu wake. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni nina alama za penseli, na kati ya Krismasi ya mwaka juzi na ya mwaka jana kuna vidole vinne vyangu vilivyoshikana. Katika mwaka uleule alioongeza vidole vinne ndipo tulipomwongezea mazoezi ya klabu.

Wavulana nao wanaonyesha dalili zao. Mtoto wa kiume akikuonyesha kinundu kinachouma chini ya goti, pale kano ya goti inaposhika mfupa, au akilalamika kisigino baada ya mechi, usimkemee. Kile kinundu madaktari wawili walikieleza tangu mwaka 1903, Osgood wa Boston na Schlatter wa Zurich, kila mmoja kivyake. Kwa kawaida huisha mtoto akimaliza kukua. Kinachotakiwa ni kumpunguzia.

Sasa suala la siku za mwezi, na hapa naomba wamama wenzangu mnisikilize. Mwili usiopata chakula cha kutosha kulingana na kazi unayofanya unafunga shughuli ambazo unaona unaweza kuishi bila hizo, na ya kwanza kwa msichana ni hiyo. Homoni zilezile zinazoleta siku ndizo zinazolinda mifupa. Kwa hiyo msichana aliyekuwa anaona siku zake, kisha miezi mitatu ikapita bila kuona, apelekwe hospitali, hata kama anakimbia vizuri kuliko wakati wowote. Nilipowanong'oneza wamama watatu pale uwanjani, wawili walinyamaza. Mmoja alinipigia simu usiku uleule.

Kwa kocha nilienda na lile daftari. Ni mtu mzima, amenizidi umri, na amewapenda watoto wale kwa miaka mingi bila mshahara wa maana.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Daktari anasema wiki nane."

Alitikisa kichwa. "Wiki nane! Mama, mtoto atapoa. Mwili ukishapoa kuurudisha ni kazi. Na UMISSETA hii hapa, Juni." Yaani yale mashindano ya shule za sekondari.

Sikubishana naye. Nilimfungulia ukurasa. Alivua kofia, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anasoma barua ya msiba. Alipofika Jumatatu akasimama.

"Jumatatu pia anakimbia?"

"Na Jumatano. Na Ijumaa."

"Na hizi za Jumapili?"

"Zote zimo humo."

Akakaa kimya. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Mimi nilijua siku nisizokuwa naye anapumzika." Sijawahi kumwona mzee yule akiwa hivyo. Mwalimu wa shule naye, nilipomfuata, alisema karibu maneno hayohayo, kwamba alidhani klabu ni Jumamosi tu. Hakuna aliyemchosha kwa makusudi. Kila mtu alikuwa anakata kipande chake cha mkate na hakuna aliyetazama mkate wenyewe. Ukitoka kwenye maandishi haya na jambo moja tu, chukua daftari, andika wiki ya mtoto wako, uipeleke kwa kila mtu anayemfundisha.

Majirani walisema lao. Mmoja aliona magongo, akaniambia nitamfundisha mtoto kudeka. Hili neno kudeka limevunja miguu mingi. Limevunja wangu.

Lakini kosa lililonichukua muda mrefu kuliona lilikuwa ndani ya nyumba yangu. Wiki ya tatu ya mapumziko, magongo yameshawekwa pembeni, Jumamosi moja nilirudi sokoni nikamkuta ameinamia beseni. Alikuwa amefua shuka zote za nyumba, sare zake na za kaka yake, na ameshabeba ndoo sita za maji kutoka bombani. Kaka yake, miaka 17, mzima kabisa, alikuwa sebuleni anatazama mpira. Nilimuuliza binti yangu nani amemtuma. Akasema, "Si leo sina mazoezi, mama?"

Kwake siku isiyo na mazoezi ilikuwa siku ya kazi za nyumbani. Na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo bila kufungua mdomo, kwa sababu kwa miaka yote siku aliyokosa kwenda uwanjani nilikuwa nashusha pumzi na kusema afadhali leo utanisaidia. Tunaposoma ushauri wa wataalamu wa nchi nyingine kwamba mtoto apumzike siku moja au mbili kwa wiki, tukumbuke wao wanaandika kwa nyumba yenye mashine ya kufulia na maji ya bomba ndani. Kwetu ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na ikibebwa kichwani kwa mguu wenye ufa, huo mguu haujui tofauti kati ya mazoezi na maji ya kuoshea vyombo. Na tusidanganyane, mara nyingi ni mguu wa msichana. Kaka yake siku ile alizima televisheni akaenda kusuuza. Alinuna wiki moja. Sasa hivi anafua vizuri kuliko mimi.

Shule zilipofungwa Juni nilimpeleka Mbulu kwa bibi yake. Wenzake walikuwa kambini wakijiandaa na mashindano ya mkoa, na siku tunapita na basi Karatu aliegemea dirisha akalia kimya kimya, nikamwacha alie. Nilimwambia mama yangu, "Mama, huyu hatakiwi kukimbia wala kubeba." Akasema sawa, bila kuuliza.

Asubuhi ya kwanza aliamka saa nne. Ya pili saa nne na nusu. Mimi nilikuwa nahangaika, nikataka kumwamsha walau anywe uji, mama akanizuia mlangoni. Mama yangu amelima kwa maksai maisha yake yote. Akaniuliza kama nimesahau tulivyokuwa tunalima. Sikuwa nimesahau. Maksai wanafungwa nira alfajiri kukiwa na baridi, na jua likipanda, saa nne au saa tano, wanafunguliwa, hata kama imebaki mistari miwili tu shamba liishe. Na ndama anayefundishwa anatembezwa na nira asubuhi chache tu, kisha anaachwa achunge na wenzake, kwa sababu dume lililolimishwa kabla halijakomaa linaharibika mabega na halilimi tena. Kila mkulima wa kule anayajua hayo, na hakuna anayemwambia ng'ombe anadeka.

Alilala hivyo siku tisa. Halafu siku ya kumi akaamka mwenyewe saa moja, akaenda kukaa na bibi yake zizini, akaanza kuongea. Yaani kuongea kweli, hadithi, vicheko, maswali. Ndipo nilipotambua kwamba tangu mwaka uanze mtoto wangu alikuwa ananijibu kwa neno moja moja, nami nilifikiri ni umri. Alikunywa maziwa mgando asubuhi na jioni, akala makande, viazi, mayai. Aliwafundisha watoto wa jirani kucheza bao, wakamshinda.

Mwanzoni mwa Julai, tumesharudi Arusha, alikuja chumbani kwangu usiku akaninong'oneza. Ile pakiti imefunguliwa. Nilimkumbatia nikashindwa kusema lolote.

Baada ya hapo nimesoma sana, kwa simu, usiku, kama mtu anayesomea mtihani aliofeli. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kinashauri mwanamichezo mdogo apate angalau siku moja hadi mbili kila wiki bila mchezo wake, na jumla ya miezi angalau mitatu kwa mwaka, ambayo inaweza kugawanywa mwezi mmoja mmoja. Usingizi, kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, ni saa 8 hadi 10. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kwa wanafunzi wanamichezo 112 wa shule moja ya Los Angeles ulikuta waliokuwa wanalala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 ya waliolala zaidi. Binti yangu alikuwa analala 6. Homoni ya ukuaji inatoka kwa wingi kwenye usingizi mzito, na usingizi huo ndio tuliokuwa tunamkatia kila alfajiri.

Kaka yake, mshabiki mkubwa wa Barcelona, ndiye aliyenikumbusha habari za Pedri, na nafikiri ilikuwa njia yake ya kuomba radhi kwa mambo ya beseni. Msimu wa 2020/21 Pedri, akiwa na miaka 18, alicheza mechi 73 kwa klabu na taifa, akaunganisha Euro na Olimpiki ya Tokyo bila likizo ya maana. Msimu uliofuata paja likamsumbua mara kwa mara na sehemu kubwa akaimalizia nje. Na huyo ana madaktari, wapishi na vitanda vya kuchulia. Wetu ana andazi.

Septemba 15 mwaka 2025, Alphonce Simbu alikuwa anakimbia marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo. Kule ilikuwa asubuhi, kwetu hakujapambazuka. Nilikesha na simu chini ya blanketi, sauti nimeizima. Wengi mmeona mlivyoona: Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani wanaingia pamoja, wote saa 2 dakika 9 sekunde 48, na picha ya mstari inasema Simbu, kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano yale. Nilijifunika mto mdomoni ili nisipige kelele. Chumba cha pili binti yangu alikuwa amelala, na sikumwamsha. Nilimwonyesha asubuhi akinywa uji. Aliitazama ile mita ya mwisho mara sita.

Kisha nikamwambia tufanye hesabu. Simbu amezaliwa 1992. Rio 2016 alikuwa wa 5. London 2017 alipata shaba. Dhahabu ameipata ana miaka 33. "Wewe una mingapi?" Kumi na minne. "Toa." Kumi na tisa, mama. Miaka 19, na sisi tulikuwa tunalilia wiki nane. Eliud Kipchoge wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 kule Paris mwaka 2003 akiwa na miaka 18, na alipoweka rekodi ya saa 2 dakika 1 sekunde 9 Berlin mwaka 2022 alikuwa na 37. Kwa miaka mingi alikimbia marathoni mbili hivi kwa mwaka, na baada ya kila moja alikaa wiki kadhaa kabla ya kurudi kwenye kazi. Mchana akiwa kambini Kaptagat, alikuwa analala.

Binti yangu alirudi kukimbia mwishoni mwa Julai, dakika moja mbio, dakika mbili kutembea, mara kumi, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kocha mwenyewe alisimama na saa. Klabu sasa inataka watoto wote walio chini ya miaka 17 wapumzike kabisa Jumatano, hata shuleni, na mzee ameanza kuwauliza watoto swali ambalo zamani hakuliuliza: jana umefanya nini? Shuleni wamempunguzia mchakamchaka na kumwachia mazoezi ya Jumatatu na Ijumaa tu. Marathoni za bahasha tumeziacha mpaka mwakani. Hilo limetubana, sitaficha, na gunia la mahindi mwezi uliopita nimelikopa. Desemba nzima atapumzika, na ameshaniomba apelekwe kwa bibi.

Leo ni Jumapili. Ninapoandika haya ni saa tatu na robo asubuhi, raba zake ziko kwenye msumari nyuma ya mlango, na yeye bado amelala. Nguo nimeziloweka. Kaka yake ndiye anayebeba maji.